Bi Kanda na Nakala za Akiba

Katika redio ile ndogo, ukiuliza wimbo fulani uko wapi, utaambiwa nenda chumba cha mwisho, kwa Bi Kanda. Jina hilo alipewa zamani, wakati muziki ulikuwa kwenye kanda za kaseti na chumba kizima kilikuwa rafu kutoka sakafuni hadi darini. Kanda ziliondoka, rafu zikang'olewa, jina likabaki. Sasa muziki wote, albamu elfu nne na ushee, ulikaa ndani ya kisanduku cheusi kisichozidi matofali mawili, chini ya meza yake, kikinguruma kama paka aliyeshiba.

Miaka thelathini na mitatu kazini, na hakuwahi kupoteza hata wimbo mmoja. Watangazaji wapya walitishwa naye siku ya kwanza: "Ukichukua kitu cha Bi Kanda usirudishe, atakufuata mpaka kwenu." Walicheka, lakini walirudisha.

Kwa hiyo Mkurugenzi alipomwita na kumwambia diski imejaa, kwamba albamu nyingi zimo mara mbili, na kwamba mafundi wanakuja baada ya wiki mbili kuhamishia muziki kwenye mtambo mpya na yeye hataki kuhamisha takataka, Bi Kanda hakuona ugumu.

"Mama, usijichoshe," alisema Mkurugenzi, kijana wa suti aliyelipenda neno ufanisi kuliko chakula. "Kuna programu. Inalinganisha jina la albamu na jina la mwimbaji, inakuonyesha zilizo mbili mbili. Unabonyeza, kwisha. Siku moja tu."

"Mwanangu, mimi nimezaa pacha," Bi Kanda alimjibu. "Nikiambiwa hawa ni sawa, huwa nawatazama tena."

Na ndivyo alivyofanya. Kila programu ilipomwonyesha albamu mbili zenye jina moja, alivaa visikilizio, akafungua wimbo wa kwanza wa nakala ya kwanza, kisha wimbo wa kwanza wa nakala ya pili. Akisikia ni ule ule, aliiacha ya kwanza na kuifuta ya pili. Kazi ya siku moja ikamla siku tisa, na bado alikuwa herufi ya M. Kila jioni kabla ya kufunga mlango alimwaga pipa la taka la kompyuta, kama mtu asiyeweza kulala vyombo vikiwa vichafu. Albamu mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimekwenda. Zote aliziorodhesha kwenye daftari, moja moja, kwa kalamu nyekundu, pamoja na siku aliyozifuta. Nani mwingine angefanya hivyo?

Siku ya kumi, saa tatu asubuhi, mlinzi wa getini alimpigia simu ya ndani.

"Bi Kanda, kuna mgeni wako. Anasema anamtafuta mama yake."

"Mama yake anafanya kazi hapa?"

"Hapana. Amekwisha kufa."

"Sasa mzee, nani kakwambia huku ni mochwari?"

"Mimi nakupa nilichopewa," alisema mlinzi. "Yuko kwenye ngazi, anakuja."

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, uzi mweupe umenasa kwenye mkono wa blauzi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa. Shikamoo ilipokwisha kuitikiwa, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu," alisema. "Picha yake ninayo moja. Sauti yake siijui. Sijawahi hata kuiota."

Bi Kanda aliondoa visikilizio shingoni akaviweka mezani.

Mwaka jana, mshonaji alieleza, alimwacha mama yake mdogo dukani akaenda kununua uzi, redio imefunguliwa. Mtangazaji wa alasiri akasema anapiga wimbo wa sita kutoka albamu ya bendi moja ya magitaa, bendi ambayo kila mtu anaijua. Badala ya bendi akatoka mwanamke, peke yake, na gitaa moja. Mama mdogo alikuwa anashona vifungo. Sindano ikamwingia kidoleni asijue. Akasema, "Huyo ni dada." Mtangazaji akacheka, akaukata wimbo, akaweka mwingine.

"Mama mdogo akanieleza siku ile ile. Kumbe mama aliwahi kuja mjini kuimba redioni, mimi nikiwa mgongoni. Akarudi akasema amerekodiwa. Wakangoja, wakangoja, hakusikika. Watu wakamcheka mpaka akafa. Walikuwa wakimwita Stesheni." Aliifungua ile karatasi. "Nimepiga simu hapa mara nyingi. Naambiwa tutakupigia. Leo nimefunga duka nikaja mwenyewe. Tarehe hii hapa, saa nane na dakika arobaini mchana, na jina la albamu kama alivyolitaja."

Bi Kanda alilisoma jina la albamu akatabasamu kwa huruma. "Mwanangu, hii naijua kama kiganja changu. Wanaume saba. Mwanamke hayumo hata kwenye picha ya jalada."

"Naomba tusikilize tu."

Akaufungua wimbo wa sita, akauachia kwenye spika. Wanaume saba wakaimba. Mshonaji aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaanza kuikunja karatasi.

"Subiri," alisema Bi Kanda, maana hakuwa mtu wa kumwacha mgeni aondoke hivyo. Akampigia mtangazaji wa alasiri, ambaye kituoni walimwita Kasuku. Kasuku akaja na kikombe chake cha chai, akasikiliza swali, akacheka.

"Eeh, naukumbuka. Siku ile niliaibika. Si zilikuwa albamu mbili zenye jina moja? Mimi nikabonyeza ile ya pili. Wimbo wa kwanza uko sawa kabisa, kufika wa sita anatoka mama mmoja sijui wa wapi. Nikajua tu waliingiza vibaya."

"Hukuniambia."

"Nikwambie ili iweje, Bi Kanda? Ungeniandama mwezi mzima kwamba nachezea maktaba yako."

Bi Kanda alikuwa ameshageukia meza. Alikuwa amefungua daftari, kidole kinashuka kwenye wino mwekundu. Jina la albamu lilikuwepo, ukurasa wa tatu, nakala ya pili, imefutwa Jumatatu. Aliusoma mwandiko wake mwenyewe mara mbili. Masikioni ukaanza mlio mwembamba, kama redio iliyopoteza stesheni, na nyuma ya mlio huo alimsikia Kasuku bado anazungumza, lakini maneno hayakuwa na maana yoyote.

"Umeupata?" mshonaji aliuliza.

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu, Bi Kanda alimkwepa mtu macho. "Rudi kesho," alisema. "Saa nane mchana. Nitakuwa nimekwisha tazama vizuri."

"Kesho si mbali, mama. Asante sana. Mungu akubariki." Na ile baraka ilimchoma kuliko tusi.

Mlango ulipofungwa tu alikimbia kwa dada wa kompyuta, ghorofa ya chini. Dada wa kompyuta alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanda, akakaa mbele ya mashine, akagusa hapa na pale.

"Pipa ulilimwaga?"

"Kila jioni."

"Kuna diski ya akiba, lakini hiyo inaiga hii kila siku. Ukifuta huku, na kule kunafutika." Akaendelea kubonyeza. "Kuna njia ya kufukua kilichofutwa, kama mahali pake hapajaandikwa kitu kingine. Pale palipokuwa na albamu hiyo sasa kuna tangazo la sabuni. Limeingizwa jana."

"Sabuni."

"Ndiyo, Bi Kanda. Pole."

Aliachwa peke yake. Hakulia, machozi yanahitaji mtu aliyekwisha amini. Alijiambia ni bahati mbaya ya albamu moja, makosa ya wale wanafunzi wa mazoezi waliohamisha kanda kwenye kompyuta miaka tisa iliyopita. Kisha, kwa ajili ya kujihakikishia tu, akafungua herufi ya N, albamu mbili zenye jina moja, nakala ya pili. Wimbo wa kwanza ulikuwa sawa. Safari hii hakuishia hapo. Akafungua wa pili.

Mzee alikohoa. Kiti kikalia. Kisha mzee akaanza kuimba kwa kinanda fulani kibovu, wimbo ambao Bi Kanda hakuwahi kuusikia duniani.

Akafungua albamu nyingine. Hiyo ilikuwa nakala halali mwanzo hadi mwisho. Ya tatu, halali. Ya nne, baada ya wimbo wa kwanza, wakatoka wasichana wanaimba kwa kupokezana, na kabla hawajaanza ikasikika sauti ya mwanamume karibu na kipaza sauti: "Haya, msiogope. Huyo mrefu arudi nyuma hatua moja. Imbeni kama mko nyumbani."

Bi Kanda alivua visikilizio kama vinavyounguza. Sauti ile ilikuwa changa kidogo, haina mkwaruzo wa siku hizi, lakini aliijua. Ndiyo iliyomwuliza asubuhi ile kama chai ina sukari.

Aliomba ruhusa akaenda nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi mitambo wa redio ile ile, ndipo walipokutana. Alistaafu miaka sita iliyopita, akageuza meza ya kulia chakula kuwa karakana, na majirani wakamletea pasi, feni na redio zao mpaka wageni wakawa wanakula wamepakata sahani. Bi Kanda alimkuta ameifungua pasi, skrubu zimepangwa juu ya gazeti.

"Mama Pacha, mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Baba Pacha, zamani ulipokuwa ukiniaga Jumapili, ulikuwa unafanya nini kazini?"

"Jumapili gani?"

"Zote."

Fundi aliweka bisibisi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Alimtazama mkewe usoni, akaona kwamba hakuna pa kupita.

"Nani kakwambia?"

"Umeniambia mwenyewe. Nimekusikia unamrudisha msichana mrefu nyuma hatua moja."

Uso wa Fundi ukafunguka kwa furaha ya ajabu, ya mtu aliyesikia habari za rafiki aliyepotea. "Zipo? Zilihamishwa salama? Mimi nilijua zimeingia zote kwenye kompyuta, nikasema haya, hapo hakuna wa kuzigusa tena." Kisha akaona mkewe hafurahi. "Nini?"

"Kwanza nieleze."

Akaeleza. Siku zile, kurekodiwa redioni kulihitaji barua. Barua ya chama, ya afisa, ya mtu fulani mwenye muhuri. Asiye na barua alirudishwa getini, hata kama ametembea siku mbili. Fundi, kijana wakati huo, damu inachemka, hakuweza kuvumilia. Aliwaambia warudi Jumapili, wakubwa wakiwa makwao. Lakini kanda tupu zilihesabiwa, moja moja. Kilichokuwa kingi ni nakala za akiba: kila albamu kituo kilipokea kaseti mbili, moja ya kuchezwa, moja ya kukaa rafuni isiguswe. Fundi alizichukua hizo za akiba, akaziba kwa karatasi ya gundi yale matundu yanayozuia kurekodi juu, akawarekodi watu wake humo, akazirudisha rafuni na majalada yake.

"Na ukaguzi?" aliuliza Bi Kanda. "Kila mwaka alikuja mkaguzi. Mimi ndiye niliyekuwa nampokea. Alikuwa anazichomoa kanda bila mpango na kuzisikiliza."

"Alikuwa anasikiliza wimbo wa kwanza tu. Hana muda. Basi wa kwanza nikawa nauacha kama ulivyo, naanzia wa pili."

Bi Kanda alijishika kwenye mgongo wa kiti. Wimbo wa kwanza. Umakini wake wote, zile siku tisa za visikilizio, ile fahari ya kutoiamini programu; alikuwa amepita njia ile ile iliyotegwa kumdanganya mkaguzi, hatua kwa hatua, na mtego ulitegwa na mtu anayelala upande wa ukutani wa kitanda chake.

"Nimezifuta," alisema.

"Umefuta nini?"

"Nakala za pili. A mpaka M. Mkurugenzi alisema zimejirudia. Nilisikiliza wimbo wa kwanza."

Mkono wa Fundi ukagonga gazeti, skrubu za pasi ya jirani zikamwagika sakafuni, zikaviringika chini ya kabati, na hakuna aliyeinama. Nje mtu alikuwa anapiga honi kumwita mwenzake atoke, anapiga na kupiga.

"Zote?" Fundi alisema mwishowe. "A mpaka M zote?"

"Watu wako walikuwa wangapi?"

"Sitini na nne. Kwa miaka kumi na moja."

"Na hukuniambia. Wenzangu wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kitandani, kinakoroma."

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye ulikuwa unasaini hesabu ya kanda. Ningekwambia, ungesaini uongo."

"Nilisaini uongo vilevile, Baba Pacha. Tofauti ni kwamba sikujua."

"Na wewe?" Sauti ya Fundi ilipanda. "Siku tisa unafuta maktaba, unarudi hapa tunakula, hunigusii hata neno?"

"Daktari alisema usitajiwe mambo ya kazini. Presha yako. Si ulikuwepo?"

Hapo hasira yake ikakosa pa kusimama. Kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa kumhurumia mwenzake, na katikati ya huruma hizo mbili watu walikuwa wamefutika.

Bi Kanda akamsimulia habari za mshonaji. Alipofika kwenye mtoto aliyebebwa mgongoni, Fundi alifumba macho. "Namkumbuka. Mtoto alilia katikati ya wimbo, tukaanza upya. Mama yule alisema, samahani, huyu anataka na yeye arekodiwe." Akafumbua macho. "Ngoja. Umesema ilirushwa hewani?"

"Kidogo. Kasuku aliikata."

"Lini?"

Tarehe ilikuwa imemganda Bi Kanda kichwani, akaitaja. Fundi akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akasimama kutafuta viatu. "Kinasa cha lazima," alisema. "Sheria inataka kila kinachotoka hewani kitunzwe mwaka mzima, akitokea mtu wa kushtaki. Kile kinasa niliunganisha mimi. Mwaka ukitimia kinajifuta chenyewe. Kwa tarehe hiyo zimebaki siku nane."

Fundi hakuwa amekanyaga kituo tangu siku ya kuagwa. Walipanda hadi chumba cha mitambo, chumba chenye vumbi ambacho hakuna aliyekijali maana hakionekani na wageni, na dada wa kompyuta akaja na ufunguo. Kasuku aliwafuata, safari hii bila kikombe. Kinasa kilikuwa kompyuta kuukuu pembeni. Wakaitafuta tarehe, wakaitafuta saa nane na nusu, wakasogea mbele taratibu. Ikasikika sauti ya Kasuku ikitaja albamu, wimbo wa sita. Kisha gitaa.

Alikuwa na sauti nzito yule mama, nzito isiyotarajiwa, sauti ya mtu anayezungumza na mtu wa ng'ambo ya mto. Aliimba habari za mlango uliorekebishwa mara tatu na bado haufungi. Aliimba sekunde arobaini. Kisha juu yake ikaja kicheko, na Kasuku wa mwaka jana akasema, "Samahani wasikilizaji, huyu mama naona amepotea njia ya sokoni akaingia studio kwetu." Yule mama akaendelea kuimba chini ya kicheko, hajui kama anachekwa, sekunde nyingine thelathini, akakatwa katikati ya neno.

Kasuku, ambaye ulimi wake ulikuwa ndio ajira yake, alitazama sakafu.

"Dakika moja na sekunde kumi," alisema Fundi. "Zilikuwa dakika nne na nusu."

Mkurugenzi aliwakuta hapo, akawasalimu haraka, akamgeukia Bi Kanda. "Mama, nimesikia kazi imesimama. Mafundi wanakuja Ijumaa. Zilizobaki nipe mimi, N mpaka Z nitazifuta jioni hii."

"Hazifutwi."

"Mama..."

"Kuna watu humo."

Akamweleza. Mkurugenzi alisikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama upande, kisha akasema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto: "Naelewa. Ila hizo hazina majina, hazina hati, hazina mkataba. Kwenye mtambo mpya kila faili lazima liwe na mwenyewe. Watu wasiojulikana hatuna pa kuwaweka."

"Wanajulikana," alisema Bi Kanda. "Wewe ndiye huwajui. Wasiojulikana ndio waliorudishwa getini kwa kukosa barua, na mimi juzi nimewarudisha tena, kwa mkono huu, kwa sababu ulisema wamejirudia. Ukitaka nafasi kwenye diski, kuna matangazo ya sabuni ya miaka sita mle ndani. Hayo nitakufutia sasa hivi. Hayo hata mama zao hawayatafuti."

Dada wa kompyuta alikohoa kuficha kicheko. Mkurugenzi aliwatazama wote wanne, akaona kwamba yuko peke yake katika chumba chenye vumbi. "Sawa," alisema. "Zibaki. Lakini mtazipa majina."

Kesho yake mshonaji alifika saa nane kasoro, amevaa gauni la kutokea. Fundi alikuwepo, na Kasuku pia, ingawa hakuna aliyemwita. Bi Kanda hakumkaribisha kiti kabla ya kusema, maana alijua akimkaribisha kwanza ataishiwa nguvu.

"Wimbo wa mama yako ulikuwa hapa mpaka Jumatatu wiki hii. Niliufuta mimi. Si mashine, si mkubwa wangu. Mimi. Kilichobaki ni dakika moja, na ndani yake kuna mtu anamcheka. Naomba ujue hivyo kabla hujasikia."

Mshonaji alibaki amesimama. Ilionekana atageuka aende zake, na hakuna ambaye angemlaumu. "Jumatatu," alirudia. "Jumatatu nilikuwa nimevaa nije. Akaja mteja wa sare za shule." Kisha akakaa. "Weka."

Wakaweka. Sekunde arobaini za kwanza hakupepesa jicho. Kicheko kilipoingia alisogeza sikio karibu na spika, kama mtu anayemtafuta mwenziwe katikati ya umati. Ulipokatika aliomba tena. Akaomba tena. Mara ya nne alisema, "Ana sauti nene. Nilidhani ni nyembamba. Maisha yangu yote nilimpa nyembamba."

"Nitakiondoa kicheko changu," Kasuku alisema kwa kunong'ona. "Nitatafuta namna."

"Haiwezekani," alisema dada wa kompyuta kutoka mlangoni. "Ukimwondoa yeye, na mama anaondoka."

Mshonaji akamgeukia Fundi. "Baba, wewe ndiye uliyemrekodi. Beti zilizobaki zilisemaje? Ule mlango, mwishoni ulifungika?"

Fundi alifungua mikono yake miwili akaitazama. "Mwanangu, nisamehe. Mimi nilikuwa natazama mshale wa sauti usipite kwenye nyekundu. Maneno sikuyasikiliza."

Mshonaji alipokea kile kipande kwenye kijiti cha kompyuta cha kuhifadhia sauti, akakifunga kwenye leso, akaitia leso kifuani. Mlangoni alisimama.

"Wale wengine uliowafuta," alimwuliza Bi Kanda, bila ukali, akitaka tu kujua. "Watoto wao umekwisha waambia?"

Usiku na mchana uliofuata Bi Kanda alilibeba swali hilo, na siku ya tatu, alasiri, akaingia studio ya matangazo, mahali ambapo katika miaka yake yote alifika mlangoni tu kukabidhi kanda. Kasuku alimpisha kiti chake. Fundi alikaa nyuma ya kioo, kwenye mitambo. Mkurugenzi alikuja, akasimama ukumbini mikono mfukoni, akaangalia, hakuzuia.

Taa nyekundu ikawaka.

"Mimi ndiye ninayetunza muziki wa kituo hiki," alisema Bi Kanda. "Zamani, siku za Jumapili, watu sitini na nne waliimba hapa bila barua. Arobaini na watano nimewafuta kwa mikono yangu. Nilidhani ni watu wengine. Kama mzazi wako aliwahi kukwambia ameimba redioni na hamkumwamini, hakusema uongo. Mtu asimcheke tena. Kumi na tisa wapo. Tutawapiga hapa kila siku saa hii, mmoja mmoja, mpaka mwisho, na hakuna atakayesema neno juu yao. Majina yao hatuyajui. Ninyi mnayajua. Wa kwanza ni mume na mke, nadhani, kwa sababu wanagombana kidogo kabla ya kuanza."

Akatoa mkono kwenye kipaza sauti, akabonyeza. Nyuma ya kioo Fundi alikuwa ameufunika mshale wa sauti kwa kiganja, kichwa ameinamisha, anayasikiliza maneno.